Tulishinda tender ya kuhudumia wanaolala nje Brussels kwa sababu ya Kiswahili, halafu Kiswahili hichohicho kikawafukuza

Wakuu, habari za mihangaiko.

Juzi humu kulikuwa na ubishi. Mmoja alisema halmashauri zetu ziwape mashirika tender za kuhudumia watu wanaolala mitaani. Mwingine akamjibu kwamba hiyo ni njia ya watu kujipigia hela. Wa tatu akaja kufunga mjadala: "Ulaya hakuna anayelala nje, tuige tu."

Huyo wa tatu ndiye amenifanya nifungue huu uzi.

Nimeishi Brussels tangu miaka ya 2000 na kazi iliyonilisha muda mrefu ni hiyohiyo mnayobishania. Ninayosimulia niliyaona mwenyewe. Majina nimebadilisha yote, na manispaa sitaitaja, maana Brussels ni mji mmoja uliokatwa manispaa kumi na tisa na wanaofanya kazi hii wote wanajuana. Sigombei ubunge, sina sababu ya kuwadanganya.

Kaeni mkao wa kula.

Mimi ni mwanamke wa Singida, Mnyaturu. Nilikuja kusoma ustawi wa jamii, nikamaliza, nikapata kazi kwenye shirika dogo karibu na Gare du Nord, ile stesheni ya treni ya upande wa kaskazini. Ukitoka stesheni unakutana na maghorofa ya ofisi, vioo mwanzo mwisho. Kwenye vibaraza vya maghorofa hayohayo watu wanatandika maboksi na kulala. Wabelgiji wenyewe, Wapolandi, Waarabu, na ndugu zetu Wakongo.

Ndiyo mkuu, Ulaya.

Sasa kwa wasiojua mambo yanavyokwenda. Manispaa haiajiri yenyewe watu wa kuzunguka mtaani. Inaandika inachotaka, inatangaza, mashirika yanashindana kwa maandishi, kamati inatoa maksi, mshindi anasaini mkataba. Ni kama halmashauri inavyotafuta mtu wa kuchimba mtaro, isipokuwa hapa kinachonunuliwa ni mtu wa kuinama asubuhi kando ya mwenzake na kumuuliza ameamkaje.

Kitu hicho kukipa maksi si kazi nyepesi. Kumbukeni hapo.

Wakati naanza, mkataba wa eneo letu ulikuwa mikononi mwa shirika kubwa. Walikuwa na nesi mmoja anaitwa Wim, Mflemi, yaani Mbelgiji wa upande unaoongea Kiholanzi, mrefu kama mlingoti wa bendera, Kifaransa chake cha kubomoabomoa. Sisi tulikuwa wadogo, tunasaidiasaidia. Asubuhi nyingi nilikuwa nazunguka naye, yeye kabeba mkoba wa dawa, mimi chupa ya kahawa.

Hapo ndipo nilipomjua Papa Célestin.

Mzee wa Likasi, kule Katanga, umri wa baba yangu mzazi. Alifanya kazi za ghala Ubelgiji miaka mingi, nyumba aliyopanga ikauzwa, akakosa nyingine, na bila anwani posho yake ikasimama. Alikuwa na kibaraza chake kwenye jengo ambalo kampuni ilihama. Kila asubuhi anakunja maboksi yake vizuri, ananyoa ndevu kwa maji ya chupa, anachana nywele. Ukimkuta saa mbili unadhani anasubiri mtu.

Tatizo lilikuwa mguu. Sukari, halafu kidonda chini ya dole gumba. Wim alikuwa anakisafisha na kukifunga, na mzee alimkubali. Nilikuwepo Wim alipomwambia bila kumung'unya maneno: kidonda hiki kikikaa wiki kadhaa bila kuguswa, mguu utakatwa.

Kwa mzee, mimi nilikuwa "l'Éthiopienne". Kwa sura zetu hizi za Singida wengi walinidhania Mhabeshi. Tulikuwa tunaongea Kifaransa, kikatutosha. Nilikuwa nangoja siku ya kumfanyia surprise kwa Kiswahili.

Siku hiyo haikufika, na nitawaambia kwa nini.

Asubuhi moja Wim anamfunga kidonda, simu ya mzee ikalia. Akapokea kwa Kiswahili palepale mbele yetu, kwa raha zake, akijua hakuna anayeelewa.

"Allô, mama! Niko bien, niko ku nyumba, namaliza tu kula. Ile mambo ya ndoa, ambia bale ba beaux bangoje. Papa atasema neno yake. Bon, mama, Mungu akubariki."

Alikuwa anaongea na binti yake Likasi. Binti ameposwa, na upande wa mwanaume wanasubiri neno la baba aliyeko Ulaya. Na baba aliyeko Ulaya ameketi kwenye boksi, mguu mmoja mikononi mwa nesi, anasema yuko nyumbani kashiba.

Wakuu, niligeuza uso nikajifanya naangalia njiwa. Nilitaka kulia. Niliamua palepale kwamba mbele ya mzee huyu nitabaki Mhabeshi mpaka atakapotaka mwenyewe.

Basi, mkataba wa lile shirika kubwa ukaisha. Manispaa ikaandaa tender mpya, na safari hii wakataka kuwa wajanja. Waliona Wakongo ni wengi pale stesheni, wakaita kikao na viongozi wa jamii ya Kikongo: wachungaji, wenyeviti wa vyama, mama mmoja mwenye saluni kubwa. Wakauliza, watu wenu wanahitaji nini? Wote wakajibu kwa sauti moja: wapelekewe watu wao, wanaoongea lugha yao.

Kwenye masharti kikaingia kipengele kipya chenye maksi za kutosha: huduma kwa lugha ya mama.

Boss wangu Benoît, Mbelgiji mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alirukaruka. "Flora, hii ni yetu!"

Nikamwambia, "Benoît, mimi sina uhakika kama kila mtu aliyeko nje anataka kukutana na mtu wa kwao."

Akacheka. Akasema nisiwe na wasiwasi, lugha ya mama haijawahi kumdhuru mtu.

Mnajua inavyokuwa boss akishaona ushindi. Tukaandika, na mimi ndiye niliyeandika, na niliandika vizuri kwa sababu nikifanya kitu nakifanya. Tukashinda. Lile shirika kubwa likatoka, na Wim akahamishiwa kusini mwa mji.

Shirika likaajiri Mama Joséphine. Huyu ni mama wa Bukavu, alifika kama mkimbizi, akafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba zao maalumu, roho yake nyeupe. Sherehe ya ushindi tulifanya kwake Saint-Josse, tukala pondu, yaani kisamvu, na makayabo, samaki wa chumvi, mpaka tukashindwa kusimama. Benoît alituzindulia jaketi za njano za kazi, mgongoni zimeandikwa KARIBU kwa herufi kubwa.

Zilipendeza, sitasema uongo.

Asubuhi ya kwanza ya mkataba tukafika kwenye kibaraza cha Papa Célestin. Mama Joséphine akatangulia, akainama kwa adabu zote, mikono miwili mbele.

"Jambo, papa! Umelamuka salama? Papa, uko muntu ya wapi? Ku sura naona kama uko Katangais. Uko ya famille gani, papa?"

Niwafafanulie hapa, msije mkamhukumu. Huo si umbea. Kwa Wakongo niliowazoea huko ndiko kumheshimu mtu mzima. Humpiti kama nguzo ya umeme. Unamuuliza katoka wapi, ni wa nyumba ya nani, akikutajia mtaa na wewe unamtaja tonton, yaani mjomba wako, wa mtaa huo, na kabla chai haijapoa mmeshakuwa ndugu. Ukumbini inanoga sana.

Pale kwenye boksi, swali hilohilo ni la polisi.

Mzee akamjibu kwa Kifaransa kilichonyooka: "Désolé, madame. Mimi ni wa Guadeloupe." Hicho ni kisiwa cha Wafaransa kule Karibiani, hakuna Kiswahili huko.

Joséphine akanigeukia huku anacheka. "Guadeloupe? Na ile accent ya Likasi?"

Mzee hakucheka. Aliniangalia mimi, akaiangalia jaketi, akasoma mgongo wa mwenzangu. Halafu akaanza kukunja maboksi yake.

Kesho yake kibaraza kilikuwa kitupu.

Haikuwa kwake tu. Mzee wa Uvira aliyekuwa anakaa karibu na kituo cha mabasi akapotea. Marafiki wawili wa Lubumbashi waliokuwa hawaachani wakapotea. Wapolandi walibaki, Waarabu walibaki, Wabelgiji walibaki wakinywa kahawa yetu. Waliotoweka ni walewale ambao tulishinda tender kwa jina lao.

Joséphine aliumia. "Maman Flora, nilifanya nini? Nilimupatia heshima tu."

"Ulimpa nyingi kuliko alivyoweza kubeba siku hiyo."

"Lakini siye ni bantu yake!"

"Ndiyo maana, mama."

Habari za ile simu sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kuna watu wanaogopa macho ya nyumbani kuliko baridi. Fikirini wenyewe: mama akikuona kwenye boksi Ijumaa, bila ubaya wowote anakuombea kanisani Jumapili kwa jina, na Jumatatu simu zinalia Likasi. Posa ya binti inakuwa maongezi ya mtaa. Mzee alikimbia ili alinde harusi ya mwanawe, na gharama yake ilikuwa mguu.

Tukamtafuta. Nilisikia ameonekana ng'ambo ya reli. Ng'ambo ya reli ni manispaa nyingine, mkataba wetu unaishia darajani. Nilivuka hivyohivyo bila jaketi, baada ya kazi, nikaangalia vibaraza vyote. Sikumpata. Wiki zikawa zinakwenda, na kila nikilala naona kile kidonda.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Jumapili moja Joséphine akanialika Laeken, kanisa la rafiki zake. Ilikuwa ibada ya shukrani, kuna familia imepokea posa Kongo. Nikavaa kitenge changu nikaenda, nikijua nitakula vizuri.

Baada ya mahubiri mchungaji akaita: "Papa ya bibi arusi, apite mbele!"

Akasimama Papa Célestin.

Suti ya kijivu imepigwa pasi unaweza kujikata nayo. Mguu mmoja kiatu cha ngozi, wa pili kandambili na soksi nene. Alikuwa anachechemea huku anatabasamu, na mama mmoja nyuma yangu akaeleza wenzake kwamba papa anasumbuliwa na gauti, ni ugonjwa wa wanaokula nyama sana.

Nilimwangalia ule mguu. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo.

Joséphine akanishika mkono. "Mais, ule papa! Si njo ule ya Guade..."

Nikamkanyaga. Kwa makusudi kabisa, na kisigino. Akanyamaza, akanitazama kwa mshangao, halafu nikaona anaelewa, kidogokidogo, mpaka macho yakamjaa maji.

Ikapangwa foleni ya kumpongeza. Pembeni ya mzee alisimama mjomba wa bwana arusi, mtu wa Lubumbashi aliyehamia Brussels zamani, kaja kuwakilisha upande wao. Tulipofika mbele, Papa Célestin aliniona. Tabasamu likabaki mdomoni lakini damu ilimtoka usoni. Jaketi ya njano sikuwa nayo, lakini alishanitambua.

Mjomba akauliza kwa uchangamfu, "Na huyu maman ni wa wapi?"

Nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani, nikasema kwa Kiswahili, sauti ya watu wote kusikia:

"Shikamoo, papa. Mimi naitwa Flora, natoka Tanzania. Nimefurahi kukufahamu leo. Hongera kwa binti."

Halafu mzee akacheka, cheko kavu. "Ba Tanzaniens na shikamoo yabo!" Watu wakacheka naye. Mkono wangu hakuuachia.

Mjomba alipogeukia wengine, mzee akaniinamia.

"Donc unasikiaka Kiswahili."

"Tangu zamani, papa."

"Na ile siku ya téléphone?"

"Hata siku ile."

Siku ile ya simu ilikuwa ya zamani sana na hakuna neno lililomfikia binti yake, na alikuwa anapiga hesabu hiyo kichwani mwake mbele yangu.

Nikamwambia haraka, "Jumanne asubuhi Wim atakuwa pale pa zamani. Yeye na mimi tu."

"Wim? Si banasema alienda?"

"Mardi, papa. Atakuwepo."

Wakuu, Wim sikuwa naye. Nilikuwa na mdomo tu. Lakini mimi nikishasema kitu kinabidi kiwe.

Nje ya kanisa Joséphine alijifuta macho na ncha ya kitenge. "Niliona. Sitasema. Hata ku bwana yangu sitasema." Na hajasema mpaka leo, nawahakikishia, kwa kuwa bwana yake namjua na angeshaniuliza.

Jumatatu ilikuwa siku ya kamati ya kufuatilia mkataba, pale manispaa. Meza ndefu, kahawa kwenye birika la chuma, na Madame Griet, afisa aliyeandika ile tender. Mama makini, hapendi maneno mengi. Benoît alikuja na slaidi zake za kueleza kwa nini Wakongo wamepungua: hali ya hewa, ujenzi wa barabara, sijui nini.

Katikati ya ujenzi wa barabara nikanyoosha mkono.

"Madame, si barabara. Mlinunua Kiswahili kutoka kwetu, na tumewaletea Kiswahili kizuri sana. Ndicho kinachowafukuza."

Benoît aliniangalia kana kwamba nimemmwagia kahawa. Na kweli nilikuwa nachezea ugali wangu mwenyewe, kibali changu cha kazi kilifungwa na ajira ile. Nikaendelea.

Nikawaeleza kuhusu salamu. Nikawaeleza kuhusu Jumapili na Jumatatu na simu za nyumbani. Nikasema hatukuwa wakorofi, tulikuwa na heshima, na heshima yetu ilikuwa inamvua mtu nguo.

Griet akasema, "Lakini viongozi wa jamii wenyewe ndio waliotuomba."

"Viongozi wale wote walikuwa na funguo za nyumba mfukoni. Mliwauliza wenye nyumba jinsi ya kumsalimia asiye na nyumba."

Akaandika kitu. Akauliza, "Unaweza kunitajia hata mtu mmoja aliyekimbia kwa sababu hiyo?"

"Hapana. Nikikutajia, nitakuwa nimefanya kosa lilelile ninalolisema."

Nilidhani ananitimua. Akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwalo.

"Unataka nini, na lini?"

"Nesi Wim. Kesho asubuhi."

Kuna mtu alicheka. Griet hakucheka. Akatueleza sheria: kipengele kilichotolewa maksi hawezi kukigusa, wale walioshindwa wangeweza kulalamika na wangekuwa na haki. Ila namna ya kupanga zamu zetu ni juu yetu wenyewe. Na mkataba unaturuhusu kumwita mtaalamu wa afya kutoka shirika lingine, tukikubaliana nalo.

Shirika lenyewe la kukubaliana nalo ni lile tulilolipiga chini.

Benoît akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini nilisema ana moyo mzuri, na ana. Akatoka koridoni na simu. Tulimsikia anavyojikohoza. Aliporudi alisema wamekubali: Wim atarudi kwetu asubuhi kadhaa, na Joséphine atakwenda kwao kusini kutafsiri kwa wale wanaoomba wenyewe. Mkurugenzi wao alicheka kwenye simu, akasema alikuwa anaingoja siku hiyo.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye kibaraza, Wim na mkoba wake, mimi na koti langu la kawaida. Watu wa ofisini wanamiminika kutoka stesheni, kila mtu na kikombe chake. Tukasubiri. Wim aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Moyoni nilikuwa naomba.

Alitokea upande wa daraja, na fimbo. Alitembea polepole sana.

Akakaa, akavua soksi bila kusema neno. Harufu ilitufikia. Wim akaangalia, akapiga magoti, akaangalia tena, halafu akatoa simu akaita ambulance.

Mzee akanigeukia. Mara ya kwanza kuniongelesha Kiswahili pale nje, mbele za watu.

"Maman Flora. Banakata?"

Nilitaka sana kumwambia hapana. Nilimwambia sijui, ila naenda naye. Nikapanda ile ambulance, nikamshika mkono njia nzima, naye aliniuliza huko kwetu Singida tunalima nini. Tukaongea alizeti mpaka hospitali.

Walikata kidole kimoja, lile dole gumba. Mguu ukabaki.

Daktari alisema tungemleta baada ya wiki hiyo kuisha, stori ingekuwa nyingine. Nilikwenda chooni hospitali nikalia mpaka nikatosheka, nikanawa uso nikarudi kazini.

Kuhusu mengine nitafupisha. Hospitali ikamuunganisha na ofisi ya ustawi. Kule kuna utaratibu mzuri tu: mtu asiye na makazi anaweza kuazima anwani ya ofisi hiyo, barua zake zifike pale, na posho ikarudi kutembea. Baada ya muda akapata chumba hukohuko Laeken, karibu na kanisa. Yule wa Uvira na wale wa Lubumbashi walirudi mmojammoja walipoona jaketi zimetoweka. Yangu mimi nadekia sakafu.

Joséphine alijifunza salamu mpya. "Bonjour, monsieur. Unahitaji kitu?" Anasema kwa Kifaransa, basi, anafunga mdomo. Kwake hiyo ilikuwa kama kufunga kula. Lakini mtu akijibu mwenyewe kwa Kiswahili, hapo anafunguliwa, na hapo sasa utajua ni wa famille gani mpaka babu wa babu.

Tender iliyofuata, Madame Griet hakuita kikao. Alikuja mwenyewe asubuhi na kahawa yake, akakaa kwenye kiti cha kukunja, akawauliza wanaolala pale. Kipengele cha lugha kikaandikwa upya: timu iwe na watu wa lugha zao na iwe na watu baki, na anayehudumiwa achague nani amwamkie. Tukaomba pamoja na lile shirika la Wim. Tukashinda tena, na safari hii nilisherehekea kwa amani.

Kwa hiyo kwa wale wa uzi wa juzi, jibu langu ni hili. Tender ya kuhudumia watu wa mitaani inafanya kazi, nimeiona ikifanya kazi. Halmashauri inaweza kununua huduma nzuri. Lakini iulize wanaolala nje kabla ya kuwauliza wanaowasemea. Na mkataba uache nafasi ya mtu wa chini kusema "hii haifanyi kazi" bila kufukuzwa. Na kubwa kuliko yote, umpe mtu chakula, dawa, hata nyumba, ila ile hadithi anayowaambia watoto wake usimnyang'anye. Hiyo ataiweka chini mwenyewe siku yake.

Mlioko ughaibuni, mmewahi kukutana na mtu wa nyumbani katika hali hiyo? Mlimsalimiaje? Na mlioko halmashauri, tuambieni kwenu inakwendaje. Wa kutukana nao waje, nina ngozi ngumu.

EDIT: Naona wengi mnauliza harusi iliishaje. Ilifungwa Likasi. Papa alitoa neno lake kwa simu kutoka kitanda cha hospitali, aliwaambia ni gauti.

Alipopata chumba alitualika chakula. Chumba kidogo, pazia jipya, wageni tumekaa mpaka kitandani. Yule mjomba wa bwana arusi alikuwepo. Katikati ya kula akauliza, bila nia mbaya, "Papa Célestin, na huyu maman Flora, mulijuana wapi hasa? Ku kanisa alisema njo mara ya kwanza."

Joséphine akaangalia sahani yake. Wim, ambaye hasikii Kiswahili, akaendelea kutafuna.

Mzee hakuharakisha. Alitoa mwiba kwenye samaki, akauweka pembeni.

"Huyu? Alikuwaka voisine yangu, pale ku Nord. Kila asubuhi anapita kuniambia bonjour. Kiswahili njo tuligundua kanisani."

Mjomba akanigeukia. "Ah bon? Na ile quartier iko muzuri?"

"Kuna baridi," nikamwambia. "Ila majirani walikuwa wazuri."

Papa Célestin akaniongezea samaki.